Zamu ya usiku: daktari bingwa aamshwe wakati gani?

Intani_Wodini: Wakuu, intani (daktari aliye mafunzoni) akibaki wodini usiku na bingwa yuko nyumbani, ni hali zipi lazima bingwa apigiwe na zipi zingoje raundi ya asubuhi? Akipokea, unaanzia wapi?

Kipimajoto: Usitazame saa, tazama mgonjwa. Presha, ile namba ya juu (sistoli), chini ya 90, oksijeni chini ya 90% ilhali tayari amewekewa oksijeni, alama za fahamu za Glasgow zimeshuka 2 au zaidi, mkojo chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa: piga. Piga pia kabla ya kumpeleka upasuaji au kumhamishia ICU (wodi ya wagonjwa mahututi). Maamuzi hayo ni ya bingwa. Panadol na kanula (mrija wa mshipani) zisikufanye umwamshe mtu.

Faili_la_Kijani: Anza na ombi. Wengi huanza na historia tangu siku ya kulazwa, bingwa ana usingizi, na jambo la hatari, mfano potasiamu iliyopanda mno, linatajwa dakika ya nne. Sema: "Naomba uje. Kitanda 12, figo zimefeli, potasiamu 6.8, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ina mawimbi ya T yaliyochongoka. Nimempa calcium gluconate 10% mililita 30 kwa dakika 10, naanza insulini uniti 10 na glukosi gramu 25. Nadhani anahitaji dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine)." Akiagiza, mrudishie agizo neno kwa neno, kisha andika kwenye faili jina lake, saa na dozi. Lisipoandikwa, asubuhi kila mtu atakuwa na toleo lake.

Kipimajoto: Naongezea: kalsiamu hapo haikusubiri simu. Ndivyo inavyotakiwa.

Intani_Wodini: Na asipopokea? Au akifoka?

Mzee_wa_Raundi: Asipopokea mara mbili ndani ya dakika 5, panda ngazi: rezidenti mkuu (daktari anayesomea ubingwa), bingwa mwingine wa zamu, mkuu wa idara. Andika saa ya kila simu. Akifoka, mpe namba za vipimo tu, usijitetee. Baada ya kifo cha Libby Zion, mgonjwa aliyekuwa mikononi mwa madaktari wa mafunzoni, mwaka 1984, jimbo la New York lilitunga kanuni zilizoanza 1989. Watu hukumbuka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki kwa madaktari wa mafunzoni, wanasahau kwamba zilidai pia usimamizi wa madaktari wenye uzoefu. Kupigiwa usiku ni sehemu ya kazi ya bingwa.

Suluhisho hasa liko jioni. Kabla bingwa hajaondoka, kwa kila mgonjwa mahututi muulize: "Nikupigie vipimo vikifika ngapi, na usipopatikana nimpigie nani?" Yaandike majibu yake kwenye faili akiwa bado amesimama hapo.