Mama amepona UVIKO lakini pumzi haijarudi, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 58, hajawahi kuvuta sigara wala kuugua pumu. Miezi 5 iliyopita alilazwa kwa UVIKO-19, akawekewa oksijeni siku 9. Kipimo kikatoka hasi, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu.

Ila pumzi haijarudi. Kikohozi kikavu hakimwachi, na ngazi 12 tu za kwenda chumbani kwake hazimalizi bila kupumzika. Akifika katikati anashika ukuta, anafumba macho, mabega yanapanda na kushuka. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, kinasoma asilimia 96 akiwa amekaa. Akitembea kidogo kinashuka hadi 88. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana kliniki humpima akiwa amekaa, wanasema yuko sawa.

Picha ya siti skani ilionyesha makovu sehemu za chini za mapafu yote mawili. Daktari alimwanzishia vidonge vya prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe mwilini). Kikohozi kikapungua, ila sukari ikapanda, sasa anapunguziwa dozi taratibu (najua havikatizwi ghafla).

Mliopitia haya au kuuguza mgonjwa wa hivi, pumzi ilianza kurudi baada ya muda gani? Mazoezi ya kupumua yalisaidia, na mlianzaje? Nadhani nisisitize apimwe oksijeni akitembea, pamoja na kile kipimo cha kupuliza cha kuona mapafu yanavyofanya kazi, mnaonaje? Kujifukiza tafadhali hapana, tulijaribu na kikohozi kikazidi.