Mnara wa Askari unaahidi majina: je, makanisa ya vijijini yawaandike wapagazi?

Msafiri wa Kusini: Ndugu zangu, naishi Uingereza, na wiki iliyopita nilifika kwenye kanisa la kijiji chenye nyumba zisizozidi hamsini. Katikati ya makaburi pana msalaba wa mawe wenye majina ya vijana wa hapo waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, na jina moja la ukoo limechongwa mara tatu, moja chini ya jingine. Serikali yao ilikataza maiti kurudishwa nyumbani, hivyo jiwe lile ndilo kaburi ambalo mama zao walilipata. Nikaukumbuka Mnara wa Askari pale Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927. Umeandikwa kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako, ila mnara wenyewe hauna jina hata moja. Nauliza: makanisa yetu ya vijijini yaweke mawe yenye majina ya wapagazi, yaani Waafrika waliobeba mizigo ya majeshi katika vita hivyo? Najua kazi itakuwa ngumu, maana babu zetu hawakujua kuandika.

Mzee wa Kanisa, Masasi: Naunga mkono. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwakusanya wapagazi na kutembea nao mwenyewe bara hii. Kanisa lililowapeleka watu vitani lina deni kwao, na uwanja wetu una nafasi ya kutosha chini ya mwembe.

Mwana wa Makadara: Nimesoma hoja yote kwa heshima hadi nilipofika kwenye sentensi ya mwisho. Ndugu Msafiri, babu zako semea wewe. Babu zangu wa Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya meli ya Mwingereza kutia nanga. Huo mnara unaoutaja umechongwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo, kwa hiyo hata waliouweka walijua nani atausoma.

Msafiri wa Kusini: Ndugu yangu, sikukusudia Pwani. Nilikuwa nawazungumzia wapagazi wa bara.

Binti Magila: Afadhali ungenyamaza. Misheni ya Magila na ya Masasi zilikuwa na wanafunzi wanaosoma na kuandika tangu karne ya 19, na kabla ya vita shule ya serikali pale Tanga ilikuwa ikichapisha gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Nani alikuwa akilisoma, nyani?

Mwana wa Makadara: Gazeti lililochapishwa Tanga, dada. Tanga ni Pwani.

Binti Magila: Na Masasi nayo ni Pwani, kaka? Au ramani ya Makadara inaishia pale ipendapo?

Mpekuzi wa Nyaraka: Samahani kwa kuwakatiza, lakini mjadala huu unaelea pembeni. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tume hiyo ilianzishwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba wafu wote ni sawa, kisha huku kwetu wakubwa wakaona kwamba mnara mmoja wa jumla unatosha. Nendeni Taveta, Kenya, mkaone mistari ya mawe ya wanajeshi wa Afrika Kusini, kila mmoja na jina lake, halafu mjiulize waliowabebea risasi wako wapi. Kujua au kutojua kuandika kwa babu hakukuwa sababu hata kidogo.

Mwana wa Makadara: Ahsante, Mpekuzi; kwa hiyo Ndugu Msafiri alikosea.

Mjukuu wa Newala: Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeligusa. Babu mzaa babu yangu alibebeshwa mizigo na Wajerumani, akatoroka, akakamatwa tena na Waingereza, akabebeshwa mizigo ileile upande wa pili. Bibi alikuwa akitusimulia juu ya unga wa mahindi uliosagwa ovyo na kupikwa nusunusu kwa kukosa kuni, watu wakahara damu njiani hadi wakaachwa chini ya miti. Je, huyo atakuwa kwenye jiwe la nani? Mnara wa Dar es Salaam unasema walimtumikia Mfalme. Babu hakuwa na mfalme yeyote, alikuwa na kamba shingoni.

Msafiri wa Kusini: Pole sana, ndugu yangu. Hata hivyo, si kweli kwamba wote walikamatwa, kwani wapo waliofuata mshahara.

Mjukuu wa Newala: Mshahara! Huko Kenya kulikuwa na sheria ya mwaka 1915 ya kuwachukua watu kwa lazima, na fedha za maelfu waliokufa hazikuwafikia wajane wao mpaka leo. Unakaa Ulaya, unasoma majina ya watoto wa watu juu ya jiwe, kisha unatuambia sisi habari za mshahara?

Binti Magila: Kwanza mseme ni kwa nini jiwe liwe kanisani, ilhali nusu ya hao wapagazi walikuwa Waislamu au watu wa mizimu. Mimi ni mtoto wa misheni na bado naona haya.

Mzee wa Kanisa, Masasi: Wanangu, Jumapili baada ya ibada niliwaketisha kina mama wazee chini ya huo mwembe nikawauliza. Nimepata majina matano, mawili ni ya Waislamu, na imamu wa jirani amekubali kuja kuyasikiliza. Jina la tano ni la utani tu, Mguu Mmoja, na bibi aliyelitaja amekataa katakata lisichongwe hivyo. Ametaka nimpe nauli aende Nachingwea kwa dada yake, ambaye anadai analijua jina lenyewe. Nimempa.