Re: Mpwa anataka kuwa kocha wa basketi chuoni

[Swali, kutoka Columbus]
Shikamooni wakubwa, na habari za wengine. Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu, viza ya F-1 (ya wanafunzi wa kigeni hapa Marekani). Hachezei timu ya chuo lakini ukocha ndio anaoutaka. Aanzie wapi?

[Jibu, kutoka Houston]
Marahaba dada. Kutochezea timu si kikwazo. Aende ofisi ya timu aombe umeneja: kufuta jasho sakafuni, kurudisha mipira, kuendesha saa mazoezini. Akishazoeleka aombe kukata video, maana hapo ndipo makocha humjua mtu. Mechi ya wapinzani hukatwa shambulizi moja moja: nani kaweka skrini (kumzibia mlinzi njia kwa mwili), mlinzi kapita juu au chini yake, shuti limetoka wapi. Kwa mchezaji mmoja vipande 8 hadi 12 vinatosha, ukizidisha vijana wanasinzia. Kama mpinzani anapenda kwenda kushoto, aonyeshwe mara tatu akienda kushoto, kisha mara moja akilazimishwa kulia na kupoteza mpira. Kipande hicho cha mwisho ndicho mlinzi atakachokwenda nacho uwanjani.

Baada ya shahada hufuata nafasi ya GA, yaani unasoma uzamili huku ukisaidia benchi, kisha ukocha msaidizi. Asing'ang'anie Divisheni ya I, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo. Mwaka 2023 ziliongezwa nafasi mbili za makocha wasaidizi kwa kila timu huko, lakini hazikuwa za kwenda nje kusaka wachezaji, na kusaka ndiko kunakopandisha mtu. Divisheni ya III, NAIA (chama cha michezo cha vyuo vidogo) au chuo cha miaka miwili mshahara ni mdogo, ila atafundisha kweli.

[Jibu, kutoka Minneapolis]
Naongezea la viza, maana ndilo huwakwamisha wetu. Watu hupenda kumtaja kocha Brad Stevens: mwaka 2000 aliacha kazi ya kampuni akajitolee Chuo Kikuu cha Butler, na 2007 akawa kocha mkuu akiwa na miaka 30. Sawa, lakini Stevens ni raia wa Marekani. Mwenye F-1 kikomo ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, na kazi za GA msimu ukipamba moto huzidi hapo kwa mbali. "Najitolea tu" haimlindi ikiwa kazi yenyewe kwa kawaida hulipwa. Kambi ya watoto ya kiangazi nje ya chuo nayo inataka kibali, kwa mfano CPT (cha kazi iliyo sehemu ya masomo), kabla ya siku ya kwanza.

OPT, yaani kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, aombe mapema: dirisha hufunguka siku 90 kabla ya kumaliza masomo, kwa hiyo anayemaliza Mei aombe Februari. Makocha wakuu hufukuzwa Machi na Aprili, na wasaidizi huondoka nao, ndipo nafasi hufunguka. Ndani ya OPT siku za kukaa bila kazi ni 90 tu, jumla.

H-1B (viza ya kazi za utaalamu) ya chuo haina bahati nasibu, na hapo tuna nafuu. Inapokwama ni tangazo la kazi: likisema "shahada yoyote", uhamiaji watauliza kwa nini kazi hiyo ihitaji utaalamu maalumu. Aulize maneno ya tangazo kabla halijatoka.

[Jibu, kutoka Houston]
Kaka kasema kweli. Na kwenye GA, asiishie kusikia "ada imelipwa". Aulize kwa maandishi kuhusu bima ya afya, michango ya chuo, na masomo ya kiangazi. Mara nyingi hayamo.