Hedi ya 4A-GE: nichonge mwenyewe, nipeleke kwa watu wa mashine, au nitafute ile ya matundu madogo?

Kola_AE92
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla AE92 yenye injini ya Toyota 4A-GE, ile ya matundu makubwa (njia za hewa ndani ya hedi) na mfumo wa TVIS. Gasketi iliungua, hedi iko mezani. Kabla sijairudisha nataka ipumue vizuri zaidi. Gari ni la kila siku, ila barabara ikiwa wazi napenda kulifungulia. Daigrainda, mashine ndogo ya mkono ya kuchongea, ninayo. Mnashauri njia ipi?

FunguaKoo
Chonga mwenyewe, lakini usipanue matundu, mkuu. Hayo yako ni makubwa tayari. Ndiyo maana Toyota waliweka TVIS: kila silinda ina njia mbili za hewa, moja inafungwa mizunguko ikiwa chini ili hewa isipoteze kasi. Mwaka 1989 walileta hedi ya matundu madogo, TVIS ikaondolewa, na nguvu ikapanda. Kompresheni, yaani jinsi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, nayo ilipanda hadi 10.3 kwa 1, kwa hiyo sifa zote si za hedi, ila utaona Toyota wenyewe walielekea wapi.

Kazi yenye faida iko chini ya siti ya valvu, ile ringi ya chuma ambayo valvu inakalia ikifunga. Ingiza kidole hapo, utagusa ukingo pale chuma cha siti kinapokutana na alumini. Huo ukingo ndio wa kuondoa, taratibu, hadi kidole kipite bila kukwama. Kona fupi ya ndani, hewa inapogeuka kuingia silinda, ilainishe tu. Ukiikata ikawa bapa, hewa inaachana na ukuta na umepoteza ulichokuwa nacho. Tena nyuma yake kuna maji. Ukitoboa, hedi imekwisha.

MzeeKamshafti
Mimi pesa ya kwanza ningeipeleka kwa watu wa mashine. Siti ikikatwa kwa pembe tatu, za nyuzi 30, 45 na 60, hewa inapita vizuri tangu valvu inapoanza kufunguka, na kompresheni inashika. Daigrainda haikupi hicho. Gaidi, vile vibomba vinavyoongoza shina la valvu, zipimwe kwanza: zikiwa zimelegea, valvu inacheza na siti mpya haitadumu.

FunguaKoo
Sipingi, mzee wangu. Ila achonge kwanza, siti zikatwe mwisho. Biti ikiteleza ikakwaruza siti mpya, analipa mara mbili.

Kola_AE92
Nimejaribu kwenye hedi mbovu, biti inajaa alumini baada ya muda mfupi. Na nikishachonga, ning'arishe kama kioo?

DadaWaGereji
Hiyo biti ni ya kuchongea chuma. Tafuta ya kabaidi yenye meno mapana, ya alumini, na uichovye mafuta ya taa mara kwa mara. Vaa miwani na barakoa. Upande wa kuingiza ishia msasa namba 80, maana ukuta laini sana unaacha petroli ijikusanye badala ya kwenda na hewa. Upande wa ekzosi ng'arisha upendavyo, kaboni itachelewa kushika.

Hedi ya matundu madogo mimi nisingeifuata kwa gari lako. Inataka manifoldi yake ya kuingiza (mabomba yanayoleta hewa kwenye hedi), na hiyo 10.3 inatoka kwenye pistoni, si kwenye hedi. Utanunua vitu vingi upate nusu.

MzeeKamshafti
Na manifoldi zisisahaulike. Kwenye kuingiza, tundu la hedi lisiwe dogo kuliko la manifoldi, hewa itagonga ukingo. Kwenye ekzosi ni kinyume, manifoldi ndiyo izidi kidogo.

Kola_AE92
Asanteni sana. Naagiza biti leo, kesho naanza.

DadaWaGereji
Kesho usianze, kaka. Gasketi iliungua, kwa hiyo hedi ilipata joto. Ipimwe kwanza kama imepinda au ina ufa. Ikiwa na ufa, hapo ndipo hedi nyingine inaingia kwenye hesabu. Ikiwa salama, chonga, kata siti, kisha uioshe kwa maji moto na sabuni na upulize kila njia ya oili. Unga wa msasa ukibaki humo unakula beringi.

Kola_AE92
Sawa dada, naipeleka ikapimwe kwanza. Majibu nitayaweka hapa.