MREJESHO: Rust imekubali kwenye Ubuntu

Wakuu, juzi niliomba msaada: nimeweka Rust (lugha ya kuandikia programu) kwenye laptop yenye Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux), lakini kila nikiandika cargo build (amri ya kujenga programu ya Rust) napata "linker `cc` not found". Tatizo limeisha.

Aliyesema nakosa kompaila ya C (programu inayotafsiri kodi ya lugha ya C) alipatia kabisa. Nilidhani Rust inajitosheleza, kumbe rustc (kompaila ya Rust) ikishamaliza kutafsiri kodi inahitaji linka ya mfumo iunganishe vipande viwe programu moja, na kwenye Linux huiita kupitia cc, yaani amri ya kompaila ya C. Niliandika hivi (apt ndiyo huweka na kuondoa programu kwenye Ubuntu):

sudo apt update
sudo apt install build-essential

Zikashuka gcc, make na faili za libc (maktaba ya msingi ya C). Hapohapo cargo build ikapita.

Kulikuwa na jingine ambalo sikulieleza mwanzoni, na ndilo lililonila muda. Nilikuwa na Rust mbili, ya apt niliyoweka zamani na hii ya rustup (programu rasmi ya kuweka na kusasisha Rust). rustup ilinionya wakati wa kuiweka, nikapitiliza. Matokeo yake rustc --version ikawa inaleta toleo la zamani. which rustc ikanionyesha /usr/bin/rustc, wakati ya rustup hukaa ~/.cargo/bin. Nikaiondoa ya apt:

sudo apt remove rustc cargo

Kisha nikaandika . "$HOME/.cargo/env" ili terminal itafute kwanza kwenye ~/.cargo/bin, na sasa naona toleo jipya. Kama unaanza leo, chagua njia moja tu. Mimi nabaki na rustup, kwa sababu rustup update inatosha kupata matoleo mapya.

Asanteni sana, mmeniokoa. Leo usiku naendelea na mradi wangu.