Ushauri: Nimwoneshe kijana wangu filamu ya Freedomland au niache?

Wakuu, salaam. Tuko Ohio huku Marekani, kijana wangu ana miaka 14, keshanipita urefu, na kuna majirani wameanza kumwangalia kama mwizi. Nataka tukae wote tuangalie Freedomland, ile ya 2006 ya Samuel L. Jackson na Julianne Moore. Mama wa kizungu anaingia hospitali mikono inavuja damu, anadai mwanamume mweusi kampora gari na mwanawe kalala kiti cha nyuma. Polisi wanauzingira mtaa wa weusi, hakuna kutoka. Mke wangu anasema nitamjaza mtoto woga. Wenye uzoefu, nisaidieni.

Mzee Kifimbo: Mkuu, ile ina alama ya R (wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima), matusi kama mvua. Subiri akue.

Bint Pangani: Matusi anayasikia kila siku kwenye basi la shule, tusidanganyane. Tatizo ni mwisho wake (ambao hamjaiona ruka hapa). Mtoto hakuibwa. Alizidisha dawa ya kikohozi usiku ambao mama alikwenda kwa mpenzi wake, akafa, mama akatunga uongo. Mimi nilibaki namlilia yule mtoto, habari za ubaguzi zikanitoka kichwani. Mwanao naye anaweza kukwama hapohapo.

Ngome Kongwe: Bint yuko sahihi, ndiyo maana ningeanza na kisa cha kweli. Oktoba 1994, Union, South Carolina, Susan Smith alisema mtu mweusi kamnyang'anya gari likiwa na wanawe wawili, Michael wa miaka 3 na Alex wa miezi 14. Mchoro wa mwanamume mweusi mwenye kofia ya kufuma ukasambazwa nchi nzima, mama analia kwenye runinga. Siku ya tisa akakiri: gari aliliachia liserereke ziwani yeye mwenyewe, watoto wamefungwa mikanda. Boston 1989 ni hivyohivyo, Charles Stuart alimuua mkewe mjamzito akamsingizia mweusi, vijana weusi wa mtaa wa Mission Hill wakasimamishwa na kupekuliwa ovyo. Hao watu hawakuwa na akili nyingi. Walijua tu uongo upi hautaulizwa maswali. Kwenye filamu, simamisha pale polisi wanapofunga mtaa, umuulize kijana: mbona Gannon, mji wa wazungu kwao yule mama, hawakufunga?

Mama Watatu: Baba, filamu baadaye. Kwanza mfundishe: akisimamishwa na polisi, mikono ionekane, asikimbie, aulize kama yuko huru kuondoka, na maswali asijibu mpaka mzazi na wakili wafike. Wanangu tumewafanyisha mazoezi sebuleni, baba yao akiwa ndiye polisi. Walicheka, ila wameshika.

Mleta uzi: Ahsanteni. Mama Watatu, hilo la sebuleni naanza nalo Jumamosi. Filamu mke wangu ataitazama kwanza, akikataa basi.

Mzee Kifimbo: Mwambie ashike rimoti. Julianne Moore anapiga kelele humo hadi jirani atagonga mlango.