Ukoo wa Babu, Kibosho

06:12 Dada Flora: Tumsifu Yesu Kristu. Nakumbusha picha ya Bibi ya Familia Takatifu. Kioo kina ufa, fremu imeliwa na mchwa kwa nyuma. Fundi wa mjini anataka 45,000. Tuko tisa, elfu tano tano. Iwe tayari kabla ya Krismasi, maana Jumapili inayofuata ndiyo sikukuu yenyewe ya Familia Takatifu na jumuiya inasali kwetu.

09:40 Dada Flora: Wanane mmesoma. Nawaona.

10:02 Deo: Milele Amina. Mle ndani Yosefu ameshika randa, Mtoto anafagia maranda. Si wajitengenezee tu fremu 😂

10:03 Riki: Na huyo fundi haombi advansi 😂😂

10:05 Dada Flora: Elfu tano jamani, si vichekesho.

12:47 Winnie: Shikamooni. Huku Antwerp nimeziona za namna hiyo kwenye maonyesho, kazi ya Hieronymus Wierix, aliyefariki 1619. Zimechongwa kwenye bamba la shaba, ndogo kama kiganja! Yosefu na mbao zake, Mtoto anamsaidia, mpaka malaika wamepewa kazi.

12:58 Mama Beka: Ndogo kama ile ya kitabu cha sala cha Bibi. Ile aliyoandika nyuma tarehe zetu za ubatizo. Iko wapi?

12:59 Riki: Haya, tumeanza.

13:01 Mama Beka: Aliyesafisha kabati baada ya msiba anajua.

13:04 Dada Flora: Nilisafisha mimi. Sikuiona. Nilisema siku ile, nasema na leo.

13:20 Deo: Nimetuma 5,000.

13:22 Dada Flora: Haijaingia.

13:23 Deo: Mtandao.

19:55 Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Picha haiendi mjini. Na kioo ni hicho hicho. Mama alikuwa akiamka, kabla hajawasha moto, anaweka kidole pale kwenye miguu ya Mtoto. Mpaka leo sijawahi kupafuta.

20:41 Mama Beka: Sawa Baba Mkubwa.

20:44 Dada Flora: Shikamoo Baba Mkubwa. Sawa. Basi fundi aje nyumbani? Nauli yake atatoa nani?

20:50 Riki: Ujumbe huu umefutwa

21:15 Dada Flora: Riki, ulisemaje?

21:37 Dada Flora: Deo, bado haijaingia.

05:58 Shangazi Tina: Milele Amina. Hao jumuiya watakula nini?